Mato Grosso: nafaka tele, watu wachache

Chukua eneo linalokaribia ukubwa wa Tanzania, kilomita za mraba kama 900,000, uweke humo watu milioni 3.6 tu. Hiyo ndiyo Mato Grosso, jimbo la Brazil linalotoa zaidi ya robo ya soya yote ya nchi hiyo. Mwaka huohuo wa sensa yao, 2022, Tanzania tulihesabiwa milioni 61.7. Mimi ni mchumi wa kilimo, na kila anayeniuliza kwa nini tusilime kama Wabrazili namwanzishia hapo.

Zamani udongo wa Cerrado, nyika ya huko, ulionekana haufai: una uchachu mkali na rutuba haba. Embrapa, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1973, ilisaidia kuugeuza kwa chokaa, fosfati na mbegu za soya zisizotoa maua mapema kwenye siku fupi za tropiki. Wakaja wakulima wa kusini, Rio Grande do Sul na Paraná, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa watoto hadi yakawa vipande. Aliyeuza kipande kule alinunua mamia ya hekta huku. Sorriso, mji wa Mato Grosso uliopata hadhi ya manispaa 1986, sasa ina watu zaidi ya 110,000.

Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1966 Waxavante, wenyeji wa asili wa eneo la Marãiwatsédé, walipakiwa kwenye ndege za jeshi wakahamishwa, na wengi wakafa kwa surua muda mfupi baadaye.

Nilisimama kando ya shamba moja mwishoni mwa Januari. Kombaini inakata soya, na nyuma yake, vumbi halijatulia, mashine ya kupandia inafukia mahindi kati ya mabua yaleyale. Wanaiwahi mvua kabla haijakatika. Zao hili la pili wanaliita safrinha, yaani mavuno madogo, ingawa siku hizi ndilo linaloleta sehemu kubwa ya mahindi ya Brazil. Kwenye eneo lote nililoweza kuona kwa macho, niliwahesabu watu wanne.

Wengine wako mjini: madereva wa malori, mafundi wa mashine, wauza mbolea, wafanyakazi wa maghala na viwanda vya nyama, wakiwemo wahamiaji kutoka Maranhão, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazil. Jimbo lilikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 1980. Limeongezeka mara tatu, na ongezeko hilo limejaa mijini.

Ndiyo maana mradi wa ProSAVANA ulinitia wasiwasi tangu mwanzo. Brazil, Japani na Msumbiji zilikubaliana 2009 kupeleka uzoefu wa Cerrado ukanda wa Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, ambako karibu kila kipande kina familia inayolima mihogo na mahindi kwa jembe la mkono. Mwaka 2013 vyama vya wakulima viliandika barua ya wazi kuupinga, wakihofia kupokonywa ardhi. Ulifungwa 2020.