Hori la nyasi la sungura: liwe chini, liwe pale anapojisaidia

Julai iliyopita, katikati ya baridi ya Moshi, mama mmoja alituletea sungura wa bintiye akiwa ndani ya tenga la nyanya. Jicho la kulia lilikuwa limevimba, na machozi mazito yalikuwa yamegandisha manyoya hadi shavuni. Nilipofunua kope nilikuta kipande cha bua la nyasi, chembamba, kirefu kama punje ya mchele. Tukauliza anakulaje. Kumbe fundi alichomelea kichanja cha nondo, kikafungwa juu kabisa ya banda ili nyasi zisichafuke. Kila akitaka kula, ilimbidi asimame kwa miguu ya nyuma na kuvuta, huku vumbi na vijiti vyote vikimwangukia usoni.

Yule mama alimpenda mnyama wake, na alitumia fedha kumtengenezea kitu kizuri. Kosa lilikuwa ni kimo tu. Ukoo wa sungura tunaowafuga ulianzia Hispania na Ureno, na hadi leo mwili wake ni wa mnyama anayejilisha nyasi za ardhini akiwa ameinamisha kichwa. Ana meno 28 yasiyoacha kukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka takriban milimita 2 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi kwa saa nyingi, taya likienda upande huu na upande huu. Utumbo wake nao unasukumwa na nyuzinyuzi za nyasi hizo hizo. Kwa hiyo nyasi ndizo chakula chake kikuu, zisiishe usiku wala mchana, na kwa siku apate angalau rundo linalolingana na ukubwa wa mwili wake. Karoti ni ya kuonja tu.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni kwamba sungura hupenda kula huku akijisaidia. Ukiweka nyasi kona hii na choo kona ile, utasafisha banda zima kila siku. Chukua beseni pana la kufulia, ambalo anaweza kukaa mwili mzima na kugeuka. Tandika magazeti, juu yake weka majani ya mpunga. Hori liweke mwisho mmoja wa beseni, mdomo wake ukiwa usawa wa kifua chake, ili aketi ndani, ainame na kula. Baada ya siku chache atakuwa anajisaidia humo humo bila kufundishwa, na hapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kumtunza.

Hori lenyewe si lazima liwe la gharama. Tenga dogo la mianzi linatosha, na akilitafuna haliwezi kumdhuru. Boksi la karatasi nene nalo linafaa, mradi umeng'oa pini na gundi ya utepe, ukakata tundu kubwa ubavuni ambalo kichwa na mabega vinapita kwa urahisi. Ukipenda la waya, nafasi kati ya waya na waya ipitishe vidole viwili vya mtu mzima. Ikizidi, sungura mdogo ataingiza kichwa na kushindwa kukitoa. Ncha zote zipigwe tupa. Mbao zilizopakwa rangi au oili chafu usizitumie kabisa, kwa sababu atazitafuna.

Nyavu za kuning'iniza na mipira ya waya ya kujaza nyasi mimi siipendekezi. Mguu hunasa, mnyama anashtuka na kujirusha, na mifupa ya sungura ni myepesi mno.

Msimkemee mtoto kwa nyasi zilizomwagika. Sungura huchambua, na zilizolowa mkojo hazigusi tena. Ziondoeni kila asubuhi mkazitupe kwenye migomba.

Kuhusu nyasi zenyewe: robota la hei (nyasi zilizokaushwa) ya nyasi za Rhodes ndilo chaguo zuri kwa huku kwetu. Lifungue kabla ya kulipa. Iwe na ukijani, inukie kama majani ya chai, isitoe vumbi jeupe. Wakati wa masika ukungu huingia haraka, hasa nyumba za mlimani, kwa hiyo robota likae juu ya chaga, mahali penye hewa, lisifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Majani ya mpunga ya kutoka Chekereni ni matandiko mazuri, lakini kama chakula kikuu hayana lishe ya kutosha. Lusani (alfalfa) wapewe sungura wachanga wanaokua. Kwa mkubwa ina kalsiamu nyingi. Usiichanganye na lusina, ule mti wa malisho ya mbuzi: una sumu iitwayo mimosini, inayoweza kumnyonyoa sungura manyoya.

Kila asubuhi, kabla ya kujaza hori, tazama beseni. Mavi yawe mengi, ya duara, makavu, makubwa kama punje za mbaazi, na ukiyavunja uone vipande vya nyasi ndani. Yakiwa madogo na machache, angalia hori na meno siku hiyo hiyo. Akikaa kwa muda wa karibu saa 12 bila kula chochote, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ni usiku.