Kutoka Picha za Mnato hadi Sinema si Kubadilisha Kamera Tu

Wengi huamini kwamba mpiga picha hodari akikabidhiwa kamera ya sinema huwa tayari ameiva, kwa kuwa jicho ni lile lile. Maisha ya Raoul Coutard, Mfaransa aliyepiga picha za vita huko Indochina (eneo la Vietnam, Laos na Kambodia) kabla ya kuingia kwenye sinema, yanaonyesha kwamba imani hiyo ina ukweli nusu tu.

Ni kweli ujuzi wa mwanga ulimfuata. Mwaka 1959, alipopiga filamu ya À bout de souffle iliyoongozwa na Jean-Luc Godard, walitumia utepe wa kunasia picha wa aina ya Ilford HPS uliotengenezwa kwa ajili ya kamera za mnato, wakaunganisha vipande vyake vifupi, ili waweze kupiga kwa mwanga uliokuwepo bila taa kubwa. Huo ni uamuzi wa mpiga picha hasa.

Lakini picha ya mnato hukamilika kwa kufumba na kufumbua, ilhali sinema humtaka mpigaji afuate mwendo wa mwigizaji, tena fremu yake ioane na zinazotangulia na kufuata. Coutard alijifunza hayo kazini, hata kwa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu akiwa ameshika kamera.