Kuvuna mifugo wakati wa ukame maana yake nini hasa

Ukame ulipopiga Simanjiro, mkoani Manyara, mwishoni mwa 2021 mpaka Januari 2022, mifugo ikafa kwa maelfu, huku kwetu Igoma, Mwanza, tukaanza kuchangishana. Mmoja wetu akasema hela nyingine iende kwenye kuvuna mifugo. Mama mmoja akauliza, sasa jamani watu wana njaa, nyie mnaenda kununua ng'ombe waliokonda? Si mpeleke unga? Swali zuri sana lile, na wengi wanalo.

Iko hivi. Njaa ya mfugaji mara nyingi haianzi kwa mahindi kuisha sokoni, inaanzia kwenye bei. Mvua zikigoma malisho yanaisha, kila mtu anaswaga ng'ombe kwenda mnadani wakati mmoja, ng'ombe wenyewe wamekonda na mnunuzi anajua kabisa huna ujanja, kwa hiyo bei inaporomoka, na hapohapo gunia la mahindi linapanda. Unakuta mtu mwezi wa sita alikuwa na ng'ombe sitini anaheshimika, mwezi wa kumi na mbili anatafuta debe la mahindi hapati, na ng'ombe bado anao, wamelala chini.

Kuvuna mifugo ni kuwatoa baadhi ya ng'ombe mapema, wakiwa bado wana nyama na thamani, ili mwenye nao apate hela na malisho kidogo yaliyobaki yatoshe wale wa kuendeleza zizi. Wanatoka maksai, madume ya ziada, majike yaliyozeeka. Mitamba, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, na majike yanayozaa hayaguswi, maana mvua ikirudi hao ndio mtaji.

Shirika la msaada hapo si lazima linunue lenyewe. Kule Moyale, Ethiopia, kwenye ukame wa 2006, wafanyabiashara walikutanishwa na wafugaji, wawili wakapewa mkopo wa kuanzia, wakanunua ng'ombe kama 20,000 hivi na hela iliyoingia kwa wafugaji ikapita dola milioni 1. Wafugaji walinunua chakula, ndiyo, ila pia majani ya mifugo, dawa, na kukodi magari ya kuhamishia ng'ombe waliobaki kwenye malisho. Unga haukupi nafasi ya kuchagua hivyo.

Sasa wafugaji wakishachelewa kuuza, mfanyabiashara hamtaki tena huyo ng'ombe. Mimi nimekulia Kwimba, nimeshanyanyua ng'ombe asubuhi na kaka zangu, mmoja anashika pembe, wawili mkia, mnahesabu mnainua, akisimama miguu inatetemeka mnamwegemeza kwenye mti, na mnajua akilala tena jioni basi. Mbavu unazihesabu ukiwa mbali. Ng'ombe akielekea huko, kabla hajafika hatua hiyo, shirika linamnunua kwa bei ya kueleweka, anachinjwa palepale kijijini, daktari wa mifugo anapima nyama, inagawiwa kwa familia zisizo na kitu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wamefanya hivi mara kadhaa kwenye kaunti za kaskazini. Inasaidia, ila hiyo ni hatua ya mwisho.

Kuna watu wanasema wafugaji wabishi, kwa nini hawauzi mapema? Hapa naumia kidogo, maana sisi Wasukuma tunajua ng'ombe ni benki, ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni ada. Ukiuza wote ukame ukaisha huna pa kuanzia, na zizi la ng'ombe watatu linachukua miaka mingi kurudi. Mtu anasubiri kwa sababu kila mwaka huwa anasubiri na mvua inakuja. Ndio maana mnunuzi wa uhakika akifika mwezi wa tisa au wa kumi, na bei si ya kuonewa, watu wanauza bila kusukumwa.

Na hao wanaobaki lazima wale. Hapa Kanda ya Ziwa tuna mashudu ya pamba, yaani makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, ukimpa mtamba kidogo kila siku na majani makavu na maji anavuka kiangazi.

Mama yule akauliza, kwa hiyo unga tusipeleke? Tukamwambia upelekwe, mtoto halali njaa akisubiri mnada. Kuvuna kulikuwa kumeshachelewa, basi tukagawanya, unga nusu na mashudu nusu. Mzigo ulitoka huku mwishoni mwa Januari, na waliopokea walishukuru sana, ila mzee mmoja akasema yangefika Oktoba yangeikuta mitamba yake saba, sasa ipo miwili.