Usawazishaji na ufuatanishaji: vizuizi viwili vinavyochanganywa

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa Barabara ya Ngong, nilimsikia kijana anayeijua kazi yake vyema akiwaeleza waandishi wenzake wa programu kwamba jaribio lake la vihesabio vya prosesa, vinavyohesabu matukio kama amri zilizotekelezwa, lilikuwa likitoa majibu yasiyolingana kwa sababu alikuwa amesahau kuweka kizuizi cha usawazishaji. Kisha akaonyesha kwenye skrini alichoongeza, nacho kilikuwa amri ya prosesa iitwayo LFENCE. Jaribio lilipona kweli, lakini jina alilolitumia ni la kitu kingine kabisa, na kwa kuwa nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mwaka huu, naona afadhali nilieleze.

Kizuizi cha usawazishaji ni mahali katika programu ambapo nyuzi kadhaa za utekelezaji, yaani mikondo ya amri inayoendeshwa sambamba, hukutana, na hakuna uzi unaoruhusiwa kupita hadi zote zinazotarajiwa zifike. Idadi hutajwa mapema. Matatu ya abiria 14 katika stendi ya Railways saa nne asubuhi hufuata kanuni hiyo hiyo: aliyefika wa kwanza husubiri wa kumi na nne, kisha wote huondoka pamoja.

LFENCE haijui lolote kuhusu nyuzi nyingine. Inafanya kazi ndani ya kiini kimoja cha prosesa, na shida inayoitatua ni ya kiini hicho peke yake. Tangu Pentium Pro ya 1995, prosesa nyingi za Intel za kompyuta za kawaida zimekuwa zikitekeleza amri kwa kadiri mahitaji ya kila amri yanavyopatikana, si lazima kwa mpangilio ulioandikwa. Kusoma kihesabio kwa RDPMC nako ni amri kama nyingine, kwa hiyo kunaweza kutekelezwa kabla kazi unayoipima haijaisha, au kazi ikaanza kabla hujasoma namba ya mwanzo. LFENCE husubiri amri zote zilizotangulia zikamilike, na hairuhusu yoyote inayofuata ianze kutekelezwa kabla yenyewe haijamaliza. Hapo hapana kukutana. Kuna kutangulia na kufuata, na ndiyo maana jina lake ni kizuizi cha ufuatanishaji.

Tofauti hiyo imo tayari katika maneno yetu, na ndiyo maana kosa hili linaniuma. Kusawazisha kunatokana na sawa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kuvifanya vitu viwili au zaidi viwe kimo kimoja, kama fundi anavyosawazisha sakafu. Lazima pawe na vingi ndipo pawe na usawa. Kufuatanisha kunatokana na kufuata: fuata, fuatana, fuatanisha, yaani kuvifanya vitu viandamane, kimoja nyuma ya kingine. Neno la Kigiriki tulilolitafsiri kuwa usawazishaji limeungwa kwa pamoja na wakati, na kwa nyuzi zinazokutana linafaa sana. Kwa amri mbili za uzi mmoja, hata hivyo, tunachotaka ni kinyume chake: zisiwe pamoja wakati mmoja. Ukiita kizuizi cha namna hii usawazishaji, umemwambia msomaji kwamba amri hizo zinaletwa pamoja, ilhali zinatenganishwa.

Lazima nikiri kwamba mkanganyiko haukuanzia Nairobi. Arm wenyewe, wabunifu wa prosesa za aina nyingine, waliipa amri yao ya kizuizi ya ISB (Instruction Synchronization Barrier) jina lenye neno la usawazishaji ndani yake, na DSB (Data Synchronization Barrier) vilevile, huku DMB (Data Memory Barrier) ikiachwa bila neno hilo. Wanachomaanisha katika ISB ni kwamba amri zinazofuata zitachotwa upya na kuona mabadiliko yaliyokwisha kufanywa katika rejista za mfumo, yaani hifadhi ndogo za mipangilio ndani ya prosesa. Kwa Kiingereza neno moja limebeba mizigo miwili. Sisi hatulazimiki kuirithi yote. Jina la LFENCE nalo lilikuja na SSE2, seti ya amri za nyongeza, katika Pentium 4, na herufi yake ya kwanza inarejelea usomaji wa kumbukumbu, kwa hiyo anayelitazama jina tu hatatambua kwamba inazuia amri za kila aina. Katika prosesa nyingi za AMD hata tabia hiyo hutegemea biti moja ya rejista ya mfumo, ambayo Linux imekuwa ikiiwasha tangu 2018.

Chukua jaribio dogo la Arm. Kitanzi kina amri mbili: moja inapunguza rejista kwa moja, nyingine inaruka nyuma ikiwa haijafika sifuri. Kikizunguka mara 1,000, kihesabio kinapaswa kuonyesha amri 2,000 pamoja na chache zisizobadilika za kuwasha na kuzima. Ukiandika katika rejista ya PMCNTENSET_EL0 kuwasha kihesabio bila kufuatisha ISB, hakuna hakikisho kwamba uwashaji umeshaanza kufanya kazi kitanzi kinapoanza, na amri kadhaa za mwanzo zinaweza kupita bila kuhesabiwa. Weka ISB baada ya kuwasha na nyingine kabla ya kusoma, na namba hutulia.

Sasa weka mahali pa ISB kizuizi halisi cha usawazishaji, kile cha pthread (maktaba ya kuendesha nyuzi), baada ya kuwasha kihesabio. Uzi uliotangulia kufika utaendesha amri za kusubiri, kwenye Linux utalazwa na mfumo na kuamshwa baadaye, na amri zote hizo za upande wa programu zitaingia katika hesabu, kwa kiasi kinachobadilika kila jaribio linaporudiwa. Nyuzi hazitoki hata kwa mpigo mmoja, kwani huamshwa moja moja. Kizuizi hicho kina nafasi yake unapopima viini viwili vinavyogombania kache, ile kumbukumbu ndogo ya kasi: nyuzi zikutane kwanza, ndipo kila moja iwashe kihesabio chake na kuweka kizuizi cha ufuatanishaji kabla ya kazi na baada yake. Wapo wanaotumia CPUID, amri ya kuuliza utambulisho wa prosesa, kwa kufuatanisha, desturi ya zamani, lakini ndani ya mashine pepe juu ya Intel amri hiyo daima hurudisha udhibiti kwa mwenyeji, yaani programu inayoiendesha mashine hiyo, na gharama yake huharibu kipimo kifupi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Barabara ya Ngong, ulichosahau ni kizuizi cha ufuatanishaji kabla ya kusoma kihesabio. Kile cha usawazishaji hukukihitaji, maana jaribio lako lilikuwa na uzi mmoja tu.