Mfumo wenye njia moja tu ya kuzimwa

Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukihoji. Walichukua kompyuta yenye mfumo endeshi wa RedHat 8, aina ya Linux, wakaizima na kuiwasha kwa utaratibu unaotakiwa: sekunde 104. Walipoizima ghafla, kama mtu aliyechomoa waya ukutani, ikarudi kazini kwa sekunde 75. Windows XP ilitumia sekunde 61 kwa utaratibu, na 48 ilipozimwa ghafla.

Hoja waliyoijenga hapo ni fupi. Umeme utakatika tu, na memori itajaa tu, kwa hiyo kila mfumo wa maana lazima ujue kuinuka baada ya kuanguka. Kama tayari unajua, ya nini kuuandikia njia ya pili ya kuuzima taratibu? Walipendekeza mifumo ambayo kuizima ni kuiua na kuiwasha ni kuiokoa, basi.

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya malipo, na katika utafiti wote unaotafuta namna ya kurahisisha mifumo mikubwa, hili ndilo wazo ninalolitetea kuliko mengine. Msimbo wa programu unaopitiwa mara elfu kwa siku hauwezi kuficha hitilafu zake: ikiwemo, itaonekana kabla ya saa sita mchana. Unaopitiwa mara moja kwa mwaka hukaa na hitilafu zake hadi siku hiyo moja, na siku hiyo ndiyo ambayo diski imejaa, mtandao umekatika na wateja wanapiga simu mfululizo.

Ushahidi wa hilo ulikuja mwaka 2014. Ding Yuan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walichambua matatizo 198 yaliyoripotiwa na watumiaji wa Cassandra, HBase, HDFS, MapReduce na Redis, mifumo ya kuhifadhi na kuchakata data iliyoandikwa na watu hodari. Walipoyatenga yale mazito, yaliyowaathiri watumiaji wote au wengi wao, waliona kwamba asilimia 92 yalitokana na kosa dogo ambalo programu ilikuwa imeshalitambua na kulitangaza yenyewe. Kosa hilo peke yake lisingeua kitu. Kilichouangusha mfumo ni ule msimbo uliowekwa pale ili uuokoe.

Na ndani ya msimbo huo kulikuwa na nini? Katika asilimia 35 ya matatizo hayo mazito, makosa yalikuwa ya kiwango ambacho mtu angeyaona bila hata kuujua mfumo wenyewe. Mahali pa kushughulikia kosa palikuwa patupu, au pana mstari mmoja tu wa kuandika kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio, kisha programu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwingine msimbo ulidaka kila aina ya kosa kwa mkupuo na kuuzima mfumo mzima. Kwingine, mfano mmoja ukiwa MapReduce, mwandishi aliacha kikumbusho kwamba sehemu hiyo itaandikwa baadaye. Mfumo ukaingia kazini na kikumbusho chake.

Siwasomi watu hao kama wazembe. Ukiandika shughuli kumi, kila moja inaweza kushindwa kwa namna kadhaa, na kila kushindwa kunadai uamuzi wake. Njia huzaliana haraka kuliko mtu anavyoweza kuzijaribu. Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kuongeza bidii peke yake. Njia zenyewe lazima zipunguzwe.

Tuchukue malipo ya bili. Simu inatuma ombi, seva inakata salio, kisha seva inakufa kabla haijajibu. Mteja anasubiri, anachoka, anabonyeza tena. Mfumo wa mtindo wa zamani utakuwa na msimbo maalumu wa kuchunguza kama muamala uliishia nusu, kurudisha salio, kufuta alama, na kila hatua ya huo msimbo nayo inaweza kufia njiani. Katika mfumo ninaoupendekeza, simu huliwekea ombi namba ya pekee kabla ya kulituma. Seva huandika namba hiyo pamoja na makato ya salio kwa mkupuo mmoja kwenye hifadhidata: viingie vyote au kisiingie chochote. Ombi likirudi na namba ileile, seva inatoa jibu lililokwisha kuhifadhiwa. Ombi la pili linapita njia ileile ya ombi la kwanza, kwa hiyo hakuna msimbo wa nusu muamala wa kuandika wala wa kuujaribu.

Mzigo hapo umebebwa na hifadhidata, na ni haki yake. PostgreSQL, kwa mfano, huandika badiliko kwenye daftari lake la kumbukumbu kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Ikiuawa, ikiwashwa tena inalisoma daftari na kumalizia. Ugumu halisi uko nje ya mipaka yako: benki au kampuni ya simu unayounganishwa nayo isipoitambua namba yako ya ombi, utabaki kulinganisha hesabu kila siku, na hakuna ujanja wa kulikwepa hilo.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Stanford peke yake. Ericsson walikuwa wameshatengeneza lugha ya programu ya Erlang miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu: sehemu ndogo ikikosea inaachwa ife, na msimamizi wake anaiwasha upya. WhatsApp imejengwa juu ya lugha hiyo. Mwaka 2004 Candea na wenzake walionyesha pia kwamba kuwasha upya kipande kimoja tu cha programu huponya sehemu kubwa ya matatizo yanayoponywa na kuwasha programu nzima, tena mara kumi haraka zaidi.

Leo mtu anayetumia Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, anapewa sekunde 30, asipobadilisha mpangilio, kati ya programu kuombwa ijifunge na kuuawa kwa nguvu. Naona timu zikizijaza sekunde hizo kazi nyingi: kuhifadhi foleni, kufunga mahesabu, kutuma taarifa. Msimamo wangu ni kwamba hapo papokewe kazi moja tu, kuacha kupokea maombi mapya. Chochote ambacho kisipofanyika kinaharibu data kinapaswa kuwa kimefanyika zamani.

Kuna tatizo ambalo njia hii hailigusi. Data mbovu ikishaandikwa, kuwasha upya kunairudisha vilevile ilivyo. Na seva mia zikiinuka kwa pamoja na kuikimbilia hifadhidata moja, zitaiangusha tena, kwa hiyo kila moja isubiri muda wa kubahatisha, na muda huo urefuke kila inaposhindwa.

Kwa timu ndogo, matokeo ya Toronto yana habari njema: asilimia 98 ya matatizo yale yangeweza kuonekana kwa mashine zisizozidi 3. Weka mfumo wako wa majaribio, uujaze maombi, kisha uue seva kwa kill -9, amri ya kuua programu papo hapo, katikati ya kazi, mara nyingi, saa tofauti. Halafu jumlisha makato yote na uyalinganishe na maombi yaliyojibiwa kuwa yamekubaliwa. Hata shilingi moja ikipishana, toleo hilo lisiende kwa wateja.