Sanamaki haiyeyushi kitambi

Harusi zikikaribia, na siku hizi hata zisipokaribia, lazima aje mtu kliniki na chupa ya maji ya kahawia aliyoinunua kupitia WhatsApp. "Daktari, nimepungua kilo tatu kwa siku tatu, niendelee?" (Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, ila nimeshachoka kusahihisha.) Chupa yenyewe mara nyingi ni sanamaki, majani ya kuharisha, iliyofichwa ladha kwa tangawizi na ndimu, na lebo inasema inasafisha tumbo, inaondoa sumu na kuyeyusha nyama uzembe. Sumu gani? Hapo muuzaji huwa hana jina la kukupa.

Hesabu kwanza. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo tatu ni zaidi ya 23,000. Mwanamke wa kawaida anatumia kama 2,000 kwa siku. Hata angekaa siku zote tatu bila kutia kitu mdomoni, asingefika theluthi ya hizo kilo tatu. Kilichomtoka ni maji na kinyesi, na akishanywa na kula kama kawaida mzani unarudi ulipokuwa. Halafu anarudi kununua chupa ya pili, maana "ilifanya kazi".

Na sanamaki inafanya kazi wapi? Kwenye utumbo mpana. Inauchokoza ujikunje na kuuzuia kufyonza maji. Lakini wanga, mafuta na protini vya chakula, sehemu kubwa, vimeshafyonzwa huko juu, kwenye utumbo mwembamba, kabla sanamaki haijaanza vurugu zake. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwa wanawake waliokunywa dawa za kuharisha. Waliharisha lita kadhaa, na kalori walizozikwepa zilikuwa kama asilimia 12 tu. Kwa mateso yote yale! Pamoja na maji unapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Hili kwenye lebo halipo.

Sasa kuna hoja inayonikera kuliko zote, ya "uchafu uliogandana miaka kumi kwenye kuta za utumbo". Haupo. Seli za ukuta wa utumbo hujibadilisha karibu kila siku tatu hadi tano, kwa hiyo ukuta ambao uchafu ungegandia haukai hata wiki. Waliowahi kupimwa kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, waulizeni madaktari wao wameona nini: ukuta wa rangi ya waridi, laini, unaong'aa. Na zile picha za kamba nyeusi zinazosambazwa kama ushahidi? Poda nyingi za kusafishia tumbo zina maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji, pengine na udongo wa mfinyanzi. Changanya vitu hivyo, vipitishe kwenye utumbo, vitatoka kama kamba. Umenunua uchafu dukani, umeumeza, umeutoa, kisha umeupiga picha.

Kinyesi chenyewe ni maji kwa kiasi cha robo tatu, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni bakteria, hai na wafu. Bakteria wote mwilini mwako, kwa makadirio ya mwaka 2016, ni kama trilioni 38, na uzito wao wote pamoja ni gramu 200 hivi. Ungeweza kuwamaliza wote, jambo ambalo haliwezekani na usilijaribu, ungepungua chini ya robo kilo.

Wajanja wa kundi la pili wamesoma kidogo zaidi. Hawa hawauzi sanamaki, wanauza vidonge vya "bakteria wa wembamba". Wana chanzo cha kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichukua kinyesi cha pacha mnene na cha mwenzake mwembamba, wakawapandikizia panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya waliopata cha mnene waliongeza mafuta zaidi. Habari ikaenea dunia nzima. Kilichoachwa nyuma ni kwamba matokeo yalitegemea pia chakula cha hao panya. Na wanadamu wanene walipokuja kumezeshwa vidonge vyenye kinyesi cha watu wembamba, bakteria wao walibadilika kiasi, uzito haukusogea. Panya asiye na bakteria ni shamba tupu, linaota chochote ukipandacho. Wewe una wakazi wa tangu utotoni, na hawahami kwa sababu ya kidonge.

Nikiri kwamba fani yetu haijui kwa uhakika kama bakteria wa mtu mnene wamemnenepesha au unene na chakula chake ndivyo vilivyowabadilisha wao. Pengine yote mawili. Ndiyo maana simwandikii mtu kipimo cha bakteria wa kinyesi. Kingeniletea orodha ndefu ya majina, na ushauri wangu ungebaki uleule.

Ushauri wenyewe ni nyuzinyuzi. Bakteria wa utumbo mpana wanazichachusha, wanatoa asidi fupi za mafuta, nazo zinaamsha homoni za shibe, GLP-1 na PYY. Mwaka 2015 watafiti wa London waliwapa watu wanene gramu 10 kwa siku za unga maalumu uliopeleka asidi mojawapo, propionati, hadi utumbo mpana. Baada ya wiki 24, walioongezeka uzito sana walikuwa wachache kuliko kwa wenzao waliopewa nyuzinyuzi za kawaida. Someni vizuri: ilipunguza kuongezeka uzito, haikuwa dawa ya kukonda. Nguvu yake ndiyo hiyo. Sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, zinaiga GLP-1 hiyohiyo, ila kwa kiwango ambacho sahani ya maharage haikifikii, kwa hiyo msinipelekee maharage kwenye ushindani huo.

Hata hivyo nitakwambia ule maharage. WHO inapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya 10. Kunde, mbaazi, choroko, dona badala ya sembe, uji wa ulezi. Kiporo cha wali kina wanga sugu (ule usiosagwa kwenye utumbo mwembamba) zaidi kuliko wali wa moto, kweli, lakini tofauti ni ndogo na mafuta unayokikaangia yanaimeza yote. Anza na nusu kikombe, loweka usiku, mwaga maji ya kwanza. Gesi itakuwepo wiki za mwanzo.

Na kama umekunywa sanamaki kila siku kwa miezi, njoo tukuachishe taratibu. Choo kitagoma kidogo na mzani utapanda siku za mwanzo. Ni maji yanarudi, usikimbilie chupa. Ukiona damu kwenye choo, au unakonda bila kujaribu, usije kwangu kwanza, nenda hospitali.