Taka za mwili hutoka kupitia wapi? Maswali na majibu kuhusu moyo, mapafu na figo

Shuleni tulifundishwa mzunguko wa damu, upumuaji na utoaji taka mwilini kama mada tatu. Ni mifumo mitatu kweli?

Kitabuni, ndiyo. Ndani ya mwili ni shughuli moja. Karibu kila seli huunguza chakula kwa oksijeni ili ipate nguvu, na kinachobaki ni maji na kabonidayoksaidi. Protini zikivunjwa, hubaki pia nitrojeni, ambayo ini huigeuza kuwa urea. Sasa taka hizi lazima zitoke: ya gesi hutoka kwa pumzi, ya kuyeyuka hutoka kwa mkojo, na damu ndiyo mchukuzi wa zote. Hata mafuta ya mtu anayepungua uzito, sehemu kubwa hutoka puani kama gesi. Wengi hudhani yametoka kwa jasho.

Damu huzungukaje?

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni. Ya kushoto hupokea iliyotoka mapafuni na kuisambaza mwili mzima. Ukuta wa kushoto ni mnene zaidi kwa sababu safari yake ni ndefu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na moyo uliotulia husukuma takribani lita 5 kila dakika.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyovunja imani ya kale kwamba ini hutengeneza damu mpya kutokana na chakula, kisha damu hiyo ikatumika mwilini ikaisha. Daktari Mwingereza William Harvey alipima kiasi ambacho moyo husukuma, akaona kwamba kwa nusu saa tu kinazidi damu yote iliyomo mwilini. Itoke wapi, kama si ileile inayorudi? Alichapisha hoja yake mwaka 1628. Njia ya kutoka ateri kwenda vena hakuiona kamwe. Kapilari, mishipa myembamba sana inayounganisha hizo mbili, zilikuja kuonekana mwaka 1661, pale Marcello Malpighi alipochunguza mapafu ya chura kwa hadubini. Harvey alikuwa amekwisha kufariki.

Ni kweli ateri hubeba damu safi na vena damu chafu ya bluu?

Hapana, na neno “chafu” limewapotosha wanafunzi wengi. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi, basi. Ateri iendayo mapafuni imebeba damu yenye oksijeni kidogo. Na vena inayotoka kwenye figo ina oksijeni pungufu kuliko ateri iliyoingia, lakini urea yake ni kidogo kwa kuwa imeshachujwa. Sasa ipi ndiyo safi?

Kuhusu rangi, damu ya vena ni nyekundu iliyokolea. Ubluu unaouona mkononi unatokana na namna mwanga unavyopenya ngozi na kurudi.

Kwa nini nikizuia pumzi nashindwa haraka?

Wengi hujibu kwamba oksijeni imekwisha. Sivyo. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tunayotoa bado ina takribani 16, ndiyo maana kumpulizia mtu aliyeacha kupumua kunaweza kumwokoa. Kinachokushinda ni kabonidayoksaidi. Ikirundikana, damu huelekea kuwa na asidi, shina la ubongo hulihisi hilo na kuamrisha misuli ya kifua na kiwambo ifanye kazi, utake usitake. Mapafu yenyewe hayana misuli ya kujitanua.

Hapa pana hatari ya kweli. Kuna waogeleaji ambao huhema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kupiga mbizi ili wakae chini muda mrefu. Wanachofanya ni kuipunguza kabonidayoksaidi, yaani kuzima kengele. Oksijeni inaweza kuisha kabla kengele haijalia, na mtu akazimia majini bila hata kuhisi kiu ya hewa.

Figo huchujaje damu?

Kwa njia inayoonekana kama ubadhirifu. Figo hazichagui taka na kuzitupa. Humwaga nje karibu kila kitu kidogo kilichomo kwenye maji ya damu, kisha huokota vinavyofaa. Ni kama anayesafisha chumba kwa kutoa vyombo vyote uani na kurudisha anavyovitaka tu. Kwa siku huchujwa lita 180 hivi, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba sumu mpya isiyojulikana hutoka yenyewe, kwa kuwa hakuna wa kuirudisha.

Sukari kwa kawaida hurudishwa karibu yote. Ikizidi sana kwenye damu, waokotaji hulemewa, nayo ikatokea kwenye mkojo. Ikitoka huvuta maji, ndiyo sababu mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana na kuona kiu.

Je, haja kubwa si taka ya mwili?

Ukiacha maji, kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula na bakteria, vitu ambavyo havikuwahi kuingia kwenye seli zako. Rangi ya kahawia ndiyo taka halisi: imetokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambazo huishi siku 120 hivi. Ama jasho, kazi yake ni kukupoza.

Mbona mgonjwa wa figo hupungukiwa damu na kuhema?

Swali hili linaonyesha mshikamano kuliko yote. Figo hupima oksijeni, na ikipungua hutoa homoni ya kuuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikiharibika, amri hiyo hufifia na damu hupungua hata kama mtu anakula vizuri. Maji yasiyotoka yanaweza kujaa mapafuni. Asidi isiyotolewa na figo hubaki, na mapafu hujaribu kufidia kwa kupumua haraka na kwa kina.

Tatizo ni kwamba dalili hizi huchelewa. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila maumivu yoyote, na mkojo ukaendelea kutoka kama kawaida. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari asisubiri kuvimba miguu: apimwe protini kwenye mkojo na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) kwenye damu kila mwaka, hata akijisikia mzima.